Kiazi cha Mbwa

Bwana na memsahib walipokwenda pwani kwa Krismasi walibeba watoto wao, viti vya kukunja na taulo zote nzuri za nyumba. Mimi waliniachia mbwa na paka.

Shamba lao lilikuwa juu ya Molo, mahali ambapo hata Desemba unaamka na kukuta barafu nyembamba kwenye nyasi. Msitu ulianzia pale bustani ilipoishia, na ndani yake mlikuwa na chui. Chui humpenda mbwa kuliko kondoo. Mbwa wa kwanza wa memsahib alichukuliwa barazani kabla hata giza halijaingia, ikabaki kola tu. Huyu wa pili alikuwa mdogo, mweupe, manyoya yamemfunika macho, kama mto wa kochi ulioota miguu. Kwa hiyo hakuruhusiwa kutoka bila kamba, na hakuruhusiwa kubaki peke yake, maana akiachwa peke yake alilia na kutafuna milango.

"Wewe hapana toka inje," memsahib aliniambia siku ya kuondoka, akiwa amemkumbatia. "Hapana pa yeye mfupa. Hapana pa yeye chakula ya kambi. Mimi nataka kuta yeye namna hii hii."

"Ndiyo, memsahib."

"Kama yeye nakufa, wewe nakwenda. Wewe na ile toto yote."

Alisema akitabasamu, akimkuna mbwa shingoni, lakini haukuwa mzaha. Toto hizo zilikuwa mdogo wangu wa kiume na mdogo wetu wa mwisho, wa kike. Baba yetu alikuwa mkamuaji wa shamba hilo. Alipokufa, mama aliendelea na kazi ya kuchuma maua ya pareto, na mama naye alipokufa nyapara alikuja mlangoni akasema nyumba ya kambi ni ya mfanyakazi, si ya watoto. Niliacha shule wiki hiyo hiyo nikaingia jikoni kwa memsahib. Hatukuwa na shamba kwingine wala mjomba wa kutupokea. Tulikuwa na ile nyumba ya udongo, na nyumba ilisimama juu ya kazi yangu, na Krismasi hiyo kazi yangu ilisimama juu ya mbwa.

Bwana ndiye aliyetaka nifungiwe. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wazungu hawakumwamini mtu, na yeye hakutaka mlango wa nyumba yake uwe wazi akiwa mbali. Alimpa nyapara ufunguo. Nyapara alikuwa afungue asubuhi na jioni, nimtembeze mbwa uani kwa kamba naye amesimama pale na mkuki, kisha anifungie tena. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Kambi ilikuwa karibu kiasi kwamba jikoni nilisikia mdogo wangu wa mwisho akikohoa, nikajua ni yeye. Sikuweza kwenda.

Sijawahi kukaa katika nyumba kubwa kiasi kile, na sijawahi kukosa nafasi kama siku zile. Nililala kwenye mkeka chini ya meza ya jikoni. Sikuthubutu kukalia kiti chochote. Sebuleni memsahib alikuwa ameacha tawi la mwerezi ndani ya ndoo kama mti wa Krismasi, limetundikwa mipira myembamba ya kioo, na paka alipanda humo akavunja mmoja. Niliokota vipande nimepiga magoti, kisha nikapapasa zulia lote kwa kiganja kuhakikisha hakuna kilichobaki cha kuingia kwenye unyayo wa mbwa. Baada ya hapo niliutoa mti mzima nikaufungia bafuni. Mbwa alinifuata kila nilikokwenda. Nikikaa, anakaa. Nikisimama dirishani kutazama moshi wa kambi, naye anasimama, ananitazama kama anayeuliza tunangoja nini.

Sasa, baba yetu alikuwa na desturi yake. Asubuhi ya Krismasi kwetu hakuna aliyeonja kitu kabla ya wanyama. Alisema Mtoto alizaliwa zizini, wanyama ndio waliompa nafasi, kwa hiyo siku hiyo wao ni wageni wetu. Alikwenda zizini na karai la viazi vilivyokatwakatwa, akampa kila ng'ombe kipande mkononi, na mbwa wetu wa zamani pia alipata chake. Ndipo tukanywa chai. Mama aliiendeleza hata tulipobaki na kuku mmoja.

Siku ya Krismasi nyapara alikuja asubuhi amevaa koti, akatusubiri uani huku akipigapiga mguu chini, akafunga mlango akaenda zake kanisani. Jua lilipopanda wadogo zangu walikuja kwenye dirisha la jikoni. Wa kiume alibeba unga wa ngano uliofungwa kwenye kitambaa. Tulikuwa tumepanga hivyo, kwa kuwa wao hawakujua kupika chapati, na Krismasi bila chapati si Krismasi.

"Dada, fungua!" mdogo wa kike alisema.

"Afungue na nini?" kaka yake akamjibu. "Huyo ni mfungwa. Sisi tumekuja kuona mfungwa."

"Lete unga, wewe, kabla sijakufungia na wewe humu."

Kitambaa kilipita katikati ya nondo. Nilikanda, nikasukuma kwa chupa, nikachoma, na kila chapati niliikunja mara nne nikaipitisha nje ingali moto. Wao walikula wamesimama, wakihamisha chapati kutoka mkono hadi mkono. Nilicheka siku hiyo. Kisha yule mdogo akatoa viazi kwenye mfuko wa gauni. Walivichemsha wenyewe, na kwa haraka ya kuja, katikati vilikuwa bado vigumu.

"Hivi vyako, dada. Na hiki kidogo cha mbwa. Yeye ale kwanza."

"Huyu halishwi chakula cha kambi," nikasema.

"Lakini ni Krismasi! Baba alisema."

Niligeuka kuitoa chapati iliyokuwa inaungua. Ni wakati huo tu. Mkono wake mwembamba ulipita kwenye nondo hadi begani, kiazi kikaanguka sakafuni, paka akakirukia. Yule mbwa hakuwahi kunyang'anywa kitu maishani mwake. Alikiwahi akakimeza kizima, kama anayekificha.

Kwanza alikaa kimya. Halafu akanyoosha shingo, akafungua mdomo, na hakuna sauti iliyotoka. Alianza kurudi nyuma, anarudi nyuma tu, hadi akagonga ukuta. Ulimi ulibadilika rangi.

"Kimbia kamwite nyapara!" nikamwambia yule wa kiume. "Mwambie afungue!"

Alikimbia. Niliushika mlango nikautikisa ingawa nilijua umefungwa. Nyuma yangu kucha za mbwa zilikwaruza sakafu. Mdogo wangu alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili, na nyuso zetu zilikuwa karibu karibu, lakini hakuweza kuingia wala mimi kutoka.

"Dada, nimemuua?"

Nilikuwa natuona sisi watatu barabarani, sufuria kichwani, blanketi moja.

Kaka yake alirudi anahema. "Amelewa! Kanisani hayuko, yuko kwa jirani, anasema atakuja jioni. Anasema mbwa hafi kwa kiazi." Halafu akachungulia ndani, akapiga kelele, "Dada! Kama baba na yule ng'ombe mwekundu!"

Kila baada ya mavuno ng'ombe waliachiwa kuingia shambani kuokota viazi vilivyobaki, na kila mwaka mmoja alikabwa. Baba hakusukuma kiazi chini. Alipapasa shingo kwa nje hadi akakipata, akaweka vidole nyuma yake, akakipandisha polepole kuelekea mdomoni, huku akizungumza na ng'ombe kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Tulikuwa tukishika kamba tukimtazama.

Nilipiga magoti, nikambana mbwa katikati ya mapaja, nikapapasa chini ya manyoya yale mengi. Kilikuwepo, kigumu, cha mviringo. Niliweka vidole nyuma yake nikasukuma juu. Kiliteleza kikarudi. Nikasukuma tena, nikiimba kwa sauti ya baba maneno yasiyo na maana, na kilipofika juu niliingiza vidole mdomoni. Aliniuma hadi mfupa. Sikuutoa mkono. Kiazi kilitoka, kikabingiria hadi mguuni pa meza.

Mbwa alivuta pumzi kwa sauti kama mlango wa zamani. Kisha akakiendea kile kiazi akitaka kukila tena. Nilikiwahi nikakirusha nje ya dirisha, na kaka mtu akaanza kucheka na kulia pamoja.

Jioni nyapara alipofungua aliuona mkono wangu uliofungwa kitambaa.

"Umeumwa?"

"Nimejikata, mzee. Na kisu cha chapati."

"Chapati haikatwi na kisu," alisema, akaangalia kando. Hakuuliza tena. Nadhani naye aliogopa.

Memsahib aliporudi alimwinua mbwa, akampapasa mwili mzima kama anayenunua kuku sokoni. Mimi nilisimama na mkono nyuma ya aproni. Nilikuwa nimejipanga kwa siku nyingi kumwomba kwamba mwaka ujao mtu mwingine akae na mbwa, ili mimi nile Krismasi na wadogo zangu ndani ya nyumba yetu.

"Mzuri sana," alisema. "Yeye napenda wewe. Sasa kila Krismasi mimi nawacha yeye na wewe tu."

"Asante, memsahib."

Nilirudi jikoni nikaosha vyombo vya safari. Nyumba ya kambi ilikuwa bado yetu. Mwaka uliofuata nyapara alifunga mlango kama kawaida, na jua lilipopanda mdogo wangu wa kike alikuja dirishani na bakuli. Ndani mlikuwa na kiazi kilichopondwa hadi kikawa laini kama uji, amekiponda mwenyewe asubuhi yote. Alikipitisha kwenye nondo kwa kijiko, taratibu, akangoja hadi mbwa amalize kulamba. Ndipo akanipa changu.