Darubini ya Bunduki ya Mjomba

Mwezi wa tatu, mahindi yakiwa yamebeba, mjomba alitoboa sufuria ya jirani. Alikuwa amemlenga tumbili. Tumbili alikuwa juu ya jiwe, sufuria ilikuwa imefunikwa kwenye kichanja cha vyombo mbali kabisa upande wa kushoto, na hadi leo sijaelewa risasi ilipitia wapi. Iliingia ubavu huu ikatokea ubavu ule. Jirani, ambaye kwa ukoo ni mtani wetu, aliitembeza sufuria hiyo kijiji kizima akiwaonyesha watu tundu la kuingilia na tundu la kutokea.

"Tumbili wamemnunua," alikuwa akisema. "Wanamlipa kwa mahindi yangu."

Watu walicheka, mjomba naye akacheka. Halafu mwenyekiti wa kijiji akaacha kucheka. Kila mwaka, mjomba alipokwenda kuhuisha leseni ya bunduki, alidaiwa barua ya mwenyekiti, na safari hii mwenyekiti alisema hawezi kumwandikia mtu asiyetofautisha mnyama na chombo cha kupikia. Wakakubaliana hivi: kabla ya mavuno mjomba angepiga risasi tatu mbele ya watu, hatua arobaini, shabaha iwe kopo la maziwa. Akilipata, barua. Akilikosa mara zote tatu, bunduki ingepelekwa polisi ikakae stoo, na kila mtu alijua kwamba kitu kikishaingia stoo ile hakitoki.

Ilikuwa bunduki ndogo tu, ya risasi nyembamba kama kalamu, haiui chochote kikubwa kuliko tumbili. Lakini mjomba aliinunua akiwa bado fundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kiwanda kiliposimama, bunduki ndiyo iliyobaki ikimpa kazi. Alfajiri watu walikuja kumgongea mlango: "Mzee, wameshuka!" Naye alikuwa akivaa viatu vya mpira na kwenda. Bila bunduki, nani angemgongea?

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Dar na digrii ya uchumi. Serikali ilikuwa imeacha kuwapangia wahitimu kazi, na kila niliyemwomba ushauri aliniambia soko huria litaniajiri. Nilikuwa nalisubiri kwa mjomba, nje kidogo ya Kisesa, upande wa kuelekea Bujora, nikiandika barua za maombi na kuzirarua kwa sababu ya neno moja.

Jioni moja mjomba akaniita, kwa jina lile lile ninalomwita mimi.

"Mjomba."

"Naam, mjomba."

"Nasikia siku hizi mjini kuna darubini za kufunga juu ya bunduki. Wewe umesoma. Kachague."

Alinipa pesa zikiwa zimefungwa kwenye leso, na usiku ule sikulala vizuri. Sikujua lolote kuhusu darubini. Nilichojua ni kwamba nikikosea kuchagua, bunduki itakwenda polisi, na itakuwa imepelekwa na mimi.

Kitu cha kwanza kilichonitia wasiwasi ni namna ya kwenda nayo dukani. Leseni ilikuwa na jina la mjomba, si langu, na sikutaka kuonekana mjini nimebeba bunduki kama jambazi. Lakini nitajuaje ni darubini gani itakaa juu yake? Juu ya chuma cha bunduki ile, pale nyuma ya mtutu, kulikuwa na mifereji miwili iliyochongwa, ya kushikia pete za darubini. Nikaweka karatasi juu yake na kuisugua kwa penseli, kama tulivyokuwa tukichora sarafu shuleni, mpaka mifereji ikatokea. Nilichora karatasi tano, kama moja ikilowa. Hakukuwa na mvua.

Duka lenyewe lilikuwa la mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza na aliyezungumza Kisukuma vizuri kuliko mimi. Zamani, nilipokuwa mdogo, duka lile lilikuwa na minyororo ya baiskeli na tambi za taa, basi. Sasa lilikuwa limefurika vitu kutoka Dubai: feni, kaseti, pasi za umeme, saa za ukutani zenye ndege wa plastiki. Kwenye kabati la kioo, kati ya viwembe na betri, kulikuwa na darubini tatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Unaulizia redio?"

Nilimweleza kila kitu, pamoja na sufuria. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniuliza nimependa ipi, nami nikaonyesha ile ndefu na nene kuliko zote, iliyoandikwa kwamba inakuza mara kumi na mbili. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: mjomba haoni, basi tununue kuona kwingi.

"Mjomba wako anawinda mwezini?"

"Hapana mzee, tumbili."

"Umbali gani?"

"Hatua arobaini. Hamsini."

Aliichukua ile kubwa, akailaza kwenye kaunta juu ya vitabu viwili vya risiti, akaielekeza kwenye chupa za soda za duka la ng'ambo ya barabara. "Angalia. Usiiguse. Sogeza kichwa tu." Nikaangalia. Ndani kulikuwa na msalaba mwembamba mweusi uliokaa juu ya chupa. Niliposogeza kichwa kidogo kushoto, msalaba ukahama mpaka chupa ya pili. Nikasogea kulia, ukarudi. Chupa zilikuwa zimetulia. Darubini ilikuwa imetulia. Mimi ndiye niliyekuwa naamua shabaha iko wapi kwa kutikisa kichwa.

"Hii wameitengeneza kwa bunduki kubwa, mnyama akiwa mbali," alisema. "Karibu hivi inakudanganya." Akaweka nyingine, nyembamba, ya kukuza mara nne tu. Nikatikisa kichwa kama mjusi na msalaba haukuondoka kwenye chupa. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulifikiria kabisa: mjomba si kwamba haoni tumbili. Wazee huona mbali vizuri. Kinachowapotea ni cha karibu. Vile vyuma viwili vya kulengea juu ya mtutu viko karibu na jicho, kwa hiyo kwake vimekuwa ukungu. "Mpe kioo kimoja, aangalie kitu kimoja. Inatosha."

Nilimuuliza maswali mengine kumi na moja. Je, ikidondoka? Je, vumbi? Je, pete zikiwa pana kuliko mifereji? Kwa hilo la mwisho alichukua karatasi yangu ya penseli, akaipima kwa kipimo chake cha chuma, akaleta pete mbili ndogo zilizolingana na mchoro. Nilikuwa nafungua mdomo kuuliza la kumi na mbili akaniambia, "Kijana, nenda nyumbani. Mungu amekupa akili, ipumzishe."

Siku iliyofuata tuliifunga, uani kwa mjomba. Nilikuwa nimeazima bisibisi ndogo kwa fundi redio na pima maji kwa fundi mwashi, kwa sababu msalaba ukikaa upande, risasi nayo itakwenda upande. Nililala nikilifikiria hilo. Mjomba alikaa kwenye kigoda akanitazama ninavyoweka pima maji juu ya bunduki, kisha juu ya darubini, kisha juu ya bunduki tena.

"Unajenga nyumba?" akauliza.

Baada ya hapo ilibidi darubini isogezwe mbele au nyuma mpaka ikae sawa na jicho. Jicho likiwa mbali mno, ndani unaona weusi na tundu dogo la mwanga. Likiwa mahali pake, duara lote linajaa. Halafu tujaribu kwa risasi, tukilenga karatasi iliyobandikwa kwenye kichuguu nyuma ya shamba, maana kule kwenye mawe risasi ingeweza kuruka na kurudi. Ili bunduki isicheze, mtu alitakiwa kulala kifudifudi na kuiegemeza juu ya gunia la mchanga.

"Karibu mjomba," nikasema, nikimwonyesha gunia.

Mjomba hakuinuka. Kwa kidevu alielekeza jikoni, ambako mke wa mwanawe mkubwa alikuwa anapepeta mtama.

"Mkwe yuko pale," alisema kwa sauti ya chini. "Nilale chini kifudifudi, anione? Lala wewe."

Hilo halikuhitaji maelezo. Mjomba hakuwahi hata kula mbele ya yule mama. Wakipishana njiani, mmoja huacha njia. Kujitandaza mavumbini mbele yake lilikuwa jambo lisilosemeka, na kumwambia mke wa mtu aache mtama wake aondoke jikoni kwake pia halikusemeka. Nikalala mimi. Mjomba akakaa karibu, kama mwenye leseni, akinikabidhi risasi moja moja.

Nilisogeza darubini mpaka duara likajaa, nikakaza skrubu, nikapiga. Risasi ilikwenda chini kulia. Juu ya darubini kulikuwa na vifuniko viwili, na chini ya kila kimoja kitufe cha kuzungusha kilicholia tik, tik. Nikazungusha, nikapiga, nikaandika kwenye daftari. Baada ya risasi kumi na nne nilikuwa natoboa karatasi mahali pamoja padogo kama kitako cha kikombe. Mjomba alitikisa kichwa kwa furaha. Nilijisikia kama mtu ambaye hatimaye soko huria limemwajiri.

Siku ya majaribio walikuja watu wengi kuliko tulivyowaalika. Mwenyekiti alikuja na kalamu mfukoni. Mtani alikuja na sufuria yake, akaivaa kichwani.

"Mimi niko salama!" akatangaza. "Nyinyi wengine mjifikirie!"

Kopo liliwekwa chini ya kichuguu. Mjomba akakaa kwenye kigoda, viwiko juu ya magoti, kama alivyopiga maisha yake yote. Akaweka bunduki begani. Kisha nikaona shingo yake ikianza kurefuka. Ilirefuka kama ya bata anayetafuta maji, ikarudi, ikarefuka tena. Akapiga. Vumbi likaruka hatua nzima kando ya kopo.

"Tumbili mmoja amesalimika!" mtani akapiga kelele. "Zimebaki mbili!"

Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Aliyelala kifudifudi kichwa chake husogea mbele. Aliyekaa kwenye kigoda kichwa chake hurudi nyuma. Nilikuwa nimeifunga darubini kwa kichwa changu kilicholala. Kwake ilikuwa mbali kwa vidole vitatu, na alichokuwa anaona ndani ni giza na tundu dogo la mwanga, lakini asingelisema hilo mbele ya watu waliokuja kuangalia kama haoni.

Nikaanza kufikiri. Nikisema, nitakuwa nimemwaibisha mzee. Nisiposema, bunduki inakwenda. Nikisema kwa kumnong'oneza, watu watadhani tunafanya ujanja. Nikiomba tuahirishe, mwenyekiti atakataa. Wakati nafikiri hivyo mjomba alikuwa ameshaweka risasi ya pili.

"Mwenyekiti!" Sauti ilitoka juu kuliko nilivyokusudia. "Samahani. Kosa ni langu. Nimeifunga kwa shingo yangu."

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Shingo ya chuo kikuu!" mtani akasema. "Mpelekeni yeye stoo!"

Mwenyekiti mwenyewe alikuwa anafuta machozi. "Rekebisha," akasema. "Lakini zimebaki mbili. Hatuongezi."

Mjomba aliondoa risasi, na nikapiga magoti mbele yake na bisibisi. "Fumba macho mjomba. Weka bunduki shavuni unavyopenda wewe. Sasa fumbua." Nikaivuta darubini nyuma taratibu ndani ya pete zake.

"Bado," akasema. "Bado. Bado... Hapo. Eh! Hapo hapo!"

Nikakaza. Nilijua kwamba kitu kilichofunguliwa na kufungwa upya hakirudi palepale, na nilijua hatuna risasi ya kupoteza, ila moja. Nilimnong'oneza hilo. Akaitikia kwa nyusi. Risasi ya pili ikapiga kichuguu upana wa kiganja kushoto kwa kopo, na safari hii shingo yake haikusogea hata kidogo.

Kiganja, hatua arobaini. Tik ngapi? Nilifungua daftari, nikahesabu, nikahesabu tena, kisha nikaingiwa na hofu kwamba huenda mshale ule mdogo kwenye kitufe unaonyesha upande wa kusogeza msalaba na si risasi.

"Mjomba," mjomba akasema polepole. "Juzi ulizungusha wapi ilipokwenda kulia?"

"Huku."

"Basi leo zungusha kule."

Nikazungusha kule. Nikarudi nyuma, nikafumba macho kabisa, ndiyo maana sikuona kopo likiruka. Nilisikia tu mlio wa bati na vigelegele vya akina mama waliokuwa na majembe yao, kisha mtu akanipiga mgongoni, na alikuwa ni mtani, akisema mahindi yake sasa ana imani yatafika ghalani.

Mwenyekiti alikwenda kulichukua kopo. Akapitisha kidole kwenye tundu. Akaomba karatasi, nami nikachana moja kwenye daftari langu. Meza haikuwepo.

"Inama," akaniambia.

Nikainama, mikono magotini. Akatandaza karatasi mgongoni mwangu na kuanza kuandika, akisoma kwa sauti kila neno kabla ya kuliweka. Kwamba anamfahamu mwombaji. Kwamba ni mkulima mwenye tabia njema. Alipofika kwenye macho alisita, kalamu ikasimama, na mimi nikaacha kupumua ili mwandiko usiharibike.

"... na anaona vizuri," akasema, "hivyo aendelee kumiliki silaha yake."

Nukta aliibonyeza kwa nguvu, katikati ya mabega yangu.