Namba Moja ya Simu, Wauzaji Kumi na Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Mkuu wa Ununuzi alinikabidhi kitabu cha oda, karatasi za kaboni na muhuri, kisha akaniuliza kama mkono wangu una nguvu. Nilidhani ananitania. Kumbe oda moja ilikuwa na nakala nne, ya muuzaji, ya stoo, ya uhasibu na ya faili, na ukiandika kilegevu ile ya nne haisomeki. "Oda isiyosomeka ni chakula kisichofika," aliniambia. Nilikuwa kijana wa mjini, nimezaliwa Nakuru kwa wazee waliotoka pwani, na sikujua hata lumbesa ni nini, lile gunia linaloongezewa kilemba juu ili mkulima apunjwe. Nikafunzwa.

Chuo kilichoniajiri kilikuwa cha bweni, na wanafunzi walilishwa humo humo. Nilipopelekwa tawi la Molo, Msimamizi wa Stoo alinifundisha kupokea mzigo: hesabu, pima, ndipo utie saini. Niliporudi Nakuru nikiwa Msaidizi wa Afisa Ununuzi, nilikuwa nikiwajua wauzaji kwa sauti, maana kila Alhamisi niliwapigia simu kabla karatasi haijawafikia. Mama Njoki, mkulima wa Bahati nje ya mji, alikuwa mmoja wao. Nikimpigia Alhamisi, Ijumaa alfajiri anakata kabeji, na saa mbili ziko langoni na umande wake. Shamba lake lote lilitegemea sufuria za chuo, na watoto wake wanne walisomeshwa na kabeji hizo.

Miaka mingi baadaye ukaja mfumo wa kompyuta. Oda ingetumwa kwa mtandao, muuzaji akubali kwa simu yake, na ankara, yaani hati yake ya kudai malipo, irudi kwa njia hiyo hiyo. Mkurugenzi wa Fedha hakuwa mtu wa maneno mengi. "Mwezi ukiisha, asiye kwenye mfumo haleti hapa hata kitunguu." Kazi ya kuwashawishi wauzaji nikapewa mimi.

Nilikutana nao Bahati, uwanjani pa kanisa baada ya ibada, Mwislamu nikihubiri mtandao. Mama Njoki alinisikiliza hadi mwisho.

"Bwana Hamisi, wewe nakujua sauti. Sasa hiyo mashine ikinisahau, nitaenda kuuliza nani?"

"Mashine haisahau, Mama."

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Ningemjibu swali lake, nisingekuwa na hadithi hii.

Wiki iliyofuata niliwapeleka wote kumi na mmoja kwenye saiba moja, duka la kompyuta na mtandao, katika mtaa wa Free Area. Mfumo ulituma tarakimu za siri kwa simu ya kila anayejiandikisha, na hapo tukakwama. Huyu simu imezima, yule ameiacha nyumbani kwenye chaji. Mwenye saiba, mtu mwema kabisa, akaniambia, "Mzee, tuweke tu namba yangu, tumalize haraka. Watabadilisha baadaye." Haraka haraka haina baraka, hilo nililijua tangu utotoni, lakini siku hiyo nilikuwa na orodha ya kujaza. Nikatia saini kwamba nimehakiki namba za wote. Mkurugenzi alinipa mkono mbele ya wenzangu, nikajiona mjanja.

Oda za kwanza zikatoka, zote kumi na moja zikaingia kwenye simu moja. Mwenye saiba alikuwa ameenda kumzika shangazi yake, na simu ilikuwa kimya mfukoni mwake. Mimi sikumpigia mtu, kwani tuliagizwa tuuache mfumo ufanye kazi. Siku tatu zikapita, mfumo ukawaandika wote kuwa wamekataa oda, ukawafuta.

Mama Njoki alikuja langoni bila kabeji. Hakupaza sauti. "Nimengoja simu yako Alhamisi nzima. Kama mmepata mwingine, si ungeniambia tu? Hiyo shamba yote nimewapandia nyinyi."

Niliona aibu hadi nikashindwa kumtazama. Nikapanda ngazi kwa Mkurugenzi. Yeye alikuwa tayari na jibu: wauzaji hawa ni wazembe, watafutwe wengine.

"Hawakukataa," nikasema. "Oda hazikuwafikia. Namba si zao."

"Nani alizihakiki?"

"Mimi."

Akavuta faili langu. Wauzaji wakarudishwa, nami nikapata barua ya onyo, ya kwanza maishani mwangu, ikiwa imebaki miezi michache nistaafu. Iliniuma, na bado inaniuma. Miezi hiyo niliitumia kwenda nyumba hadi nyumba, muuzaji mmoja kwa siku, kila mtu na simu yake mkononi. Kwa Mama Njoki nilirudi mara tatu. Mara ya tatu aliniambia nikae mbali, nisiguse simu yake, akakubali oda mwenyewe kisha akatengeneza ankara.

Ninyi mnaoingia kazi hii, mfumo ni mzuri, sitaki kaboni irudi. Lakini kabla hujamwandikisha mtu, hakikisha akisahauliwa anajua pa kuuliza.

Nimestaafu sasa, sina ofisi wala muhuri. Alhamisi simu yangu huita.

"Bwana Hamisi, oda imekuja. Kabeji mia mbili. Nimekubali."

Anajua fika kwamba sihusiki tena. Nami namjibu kama zamani, "Haya Mama, zilete mapema."