Jaketi la Kuelea Nililolijazia Pamba

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi mpaka imekuwa kama ndugu aliyekuja kunitembelea akasahau kuondoka, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla shemeji zangu hawajaisimulia, maana wao wakiongeza chumvi hawapimi. Sitaficha kitu. Watu wa Kishapu walishaniona bila kificho chochote, wao na ng'ombe wao, nikiwa katika hali ambayo hata daktari angebisha hodi kwanza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile miaka ya foleni za sukari. Nilikuwa kibarua katika mradi mmoja wa malambo pale Shinyanga, mchana nachimba mitaro, jioni nahudhuria masomo ya watu wazima, na nilikuwa nimehitimu siku si nyingi, kwa hiyo kichwa kilikuwa kimevimba kama andazi. Kwetu ni ziwani, upande wa Geita, na mimi nilijua kuogelea kabla ya kutembea (mama yangu anabisha, lakini yeye hakuwepo muda wote). Sasa kule Kishapu, nchi ya pamba na vumbi, mtu anayejua kuogelea ni kama mtu mwenye mbawa. Lambo moja lilipoziba bomba lake la chini, lile linalopeleka maji kwenye birika la kunyweshea mifugo, wakubwa wa mradi waliuliza nani haogopi maji, na mkono wangu ulikuwa juu kabla swali halijaisha.

Lakini ngoja niseme ukweli wote. Lambo lile lilikuwa karibu na nyumbani kwa Mzee Mabula, na Mzee Mabula alikuwa na binti anaitwa Minza, na mimi nilikuwa nimeshatuma posa kupitia mshenga wangu, Shija, na mzee alikuwa hajajibu. Shija aliniletea maneno yake kama yalivyotoka: "Huyo ni mtu wa samaki. Nguvu anazo, naona. Sijui kama ana adabu za kukaa na wakwe." Basi nikamwambia Shija, mwambie mzee aje siku ya kazi, anione, kisha ajibu. (Hilo ndilo kosa la kwanza. Mengine yalizaliwa humo.)

Mzee alikuja. Alikuja na mkokoteni wake wa ng'ombe wawili uliojaa magunia ya pamba, kwa kuwa alikuwa anaelekea kituo cha kununulia, na alikuja na mkewe, Mama Minza, na nadhani alikuja na wilaya nzima, maana habari ya mtu atakayepumua chini ya maji ilikuwa imefika mpaka Tinde na kurudi. Watu walijipanga ukingoni kama siku ya ngoma.

Mwalimu wangu wa kuzamia, aliyeletwa na mradi, aliitwa Makame, mtu wa Unguja aliyewahi kuwa mwanamaji, mfupi, mkavu, asiyecheka na maji. Alifungua sanduku, akatoa mtungi wa hewa, miwani, mkanda wa vipande vizito vya madini ya risasi wa kumfanya mtu azame, kisha akatandaza majaketi mawili ya kuelea, yale yanayojazwa hewa kwa kubonyeza kitufe ili mzamiaji apande, na kutolewa hewa ili ashuke.

La kwanza lilikuwa la manjano, linavaliwa shingoni kama nira ya ng'ombe wa kulimia, limechakaa kidogo, na lilikuwa na mkanda mmoja unaotoka mgongoni, unapita katikati ya mapaja, unakuja kufungwa mbele, na kukazwa. La pili lilikuwa la buluu, koti kamili lisilo na mikono, zuri, linang'aa, limeshonwa kwa ajili ya Mzungu mmoja na nusu.

"Utavaa la manjano," Makame akasema. "La buluu kubwa kwako. Jaketi la majini, yakhe, halichaguliwi kwa uzuri. Likubane, likae na mwili. Lisipokubana, ukilijaza hewa litapanda lenyewe likuache wewe chini."

Niliuangalia ule mkanda wa mapajani. Nikaangalia ukingoni. Mama Minza alikuwa amesimama mbele kabisa na mwavuli mweusi. Wasiozijua desturi za kule niwaeleze: mtu na mama mkwe wake hawatazamani ovyo, wakikutana njiani mmoja anaingia porini ampishe mwenzake, na mimi nilikuwa hata sijakubaliwa bado. Sasa nisimame mbele yake, mkanda umenibana katikati ya miguu, kila nilichopewa na Mungu kimepangwa mbele kama bidhaa gulioni? Mzee anatafuta adabu, mimi nimpe hiyo?

"Mwalimu," nikasema, "hili la buluu linanitosha."

"Linakutosha wewe na nani?" Akanivisha, akashika mabegani, akalivuta juu. Likapanda mpaka masikioni. "Umeona? Likifika masikioni, si lako."

"Nipe dakika moja, nijisaidie."

Nikazunguka nyuma ya mkokoteni wa Mzee Mabula. Gunia moja lilikuwa limefunguka mdomo. Mhitimu wa masomo ya jioni akafikiri haraka: kama koti ni kubwa, basi mwili uongezwe. Nikachota pamba, nikashindilia ndani ya shati, mbele, nyuma, ubavuni, nyingine ikateremkia kaptulani, nikakaza mkanda wa kaptula, nikarudi nikitembea kama tajiri wa mashine ya kusaga.

Makame akavuta tena. Jaketi halikutikisika.

"Ajabu," akasema, akinizunguka. "Sasa hivi ulikuwa mwembamba."

"Nimetulia, mwalimu. Nilikuwa nimejibana kwa hofu."

Ukingoni mama mmoja akasema kwa sauti, "Huyu kijana mbona kanenepa ghafla? Chakula cha mradi hiki kina nini?"

Nikafungwa kamba ya usalama kwenye mtungi, nikaingia majini, nikatoa hewa yote jaketini kama nilivyofundishwa, nikasubiri kuzama. Sikuzama. Ndugu zangu, pamba kavu ina kiburi. Nilielea chali, tumbo juu, nikazunguka polepole kama kibuyu, huku watu wa Kishapu wakinipungia mikono kila nilipopita upande wao.

"Toa hewa!" Makame akapiga kelele.

"Nimeshatoa!"

"Basi wewe mwenyewe umejaa nini?"

Akaingia maji mpaka kiunoni, akaniongezea vipande vya risasi kwenye mkanda, akanisukuma. Kufika hapo pamba nayo ilikuwa imeanza kunywa maji, na pamba ikianza kunywa haina kiasi, kwa hiyo nilichoshindwa kwa muda mrefu sasa kikatokea mara moja: nilikwenda chini kama jiwe la kusagia. Nikatua matopeni. Giza. Nikajaribu kuinuka, nikawa mzito kama gunia lenyewe. Hapo nikakumbuka kitufe cha hewa, nikakibonyeza, na kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kurudi kwa walio hai, sikukiachia.

Jaketi likajaa likawa kubwa kuliko trekta. Shati likapasuka vifungo vyote, pamba ikatoka, na pamba ilipotoka, koti likabaki na Mzungu wake mmoja na nusu na mimi nusu yake. Likapanda. Likapita kifua, likapita kidevu, likanikaba masikio, mikono ikasimama juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, na katika hali hiyo nikaibuka juu ya maji, kichwa kimezama ndani ya koti, sioni mbele wala nyuma, na mabonge meupe yakiibuka kunizunguka.

Nikasikia sauti ya Mama Minza akimlilia mama yake kwa Kisukuma, "Mayu wane! Utumbo wake umetoka!"

Kisha sauti ya Mzee Mabula, taratibu, "Utumbo gani mweupe? Hiyo ni pamba." Nikasikia gunia likitikiswa. "Hiyo ni pamba yangu!"

"Fungua mkanda!" Makame alikuwa anapiga kelele. "Angusha risasi! Fungua mkanda!"

Nikachopoa mkono mmoja, nikapapasa kiunoni. Kiunoni kulikuwa na mikanda miwili. Nikafungua mmoja kwa nguvu zangu zote, nikasikia kitu kinateleza mapajani kinakwenda zake, nikashukuru kwamba risasi zimeondoka. Hazikuwa risasi. Ilikuwa kaptula, na pamba iliyolowa ndani yake ikaishusha mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Wanaume wakaishika ile kamba. Watu wale wamezoea kuvuta ng'ombe walionasa matopeni, na ng'ombe aliyenasa havutwi kwa kubembelezwa. Walinivuta kwa mkupuo mmoja, nikapanda ukingo mzima kwa tumbo, nikasimamishwa, kichwa bado kimo ndani ya koti. Nilikuwa sijui lolote. Nilichojua ni kwamba niko hai, na kwamba wazee wako mbele yangu, na kwamba leo ndiyo siku ya kuonyesha adabu. Basi nikapiga goti, nikainama vizuri kabisa kama nilivyolelewa, nikasema kwa sauti ndani ya koti:

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

Nilisikia tu mwavuli ukianguka, na miguu ikikimbia, na ng'ombe wakitawanyika.

Ndipo upepo ukanigusa mahali ambapo upepo haukupaswa kufika.

Makame alipolivua lile koti kichwani mwangu alikuwa amewaka. "Nilikwambia la manjano! Nilikwambia au sikukwambia?"

Nami kwa uchungu, nimejiziba kwa mikono miwili, nikasema maneno ambayo kumbe ukingo mzima uliyasikia, "Mwalimu, lile mkanda wake unapita hapa katikati! Ningelivaaje mbele ya mama mkwe?"

Mtu mmoja akacheka, halafu wote, mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Mabula peke yake hakucheka. Alikwenda kwenye mkokoteni, akatoa gunia tupu, akanirushia. "Jifunike," akasema, akaswaga ng'ombe wake akaondoka.

Makame akavaa lile jaketi la manjano, akapitisha mkanda mapajani, akaukaza, akazama, akazibua bomba, akatoka. Haikumchukua muda hata wa kuchemsha chai. Na niwaambie kitu kilichoniuma kuliko vyote: hakuna mtu hata mmoja aliyeutazama ule mkanda. Wote walikuwa wanatazama maji yakiingia birikani.

Nilikaa siku nyingi nikijua posa imekufa. Nilishaanza kufikiria kuhamia Kharumwa nikachimbe dhahabu, kazi ya kukaa shimoni ambako hakuna anayekuona. Shija alipokuja hakuniangalia. Akaomba maji, akanywa yote, akafuta mdomo.

"Mzee amejibu," akasema.

"Sema tu, ndugu yangu. Nimejiandaa."

"Anasema, mtu aliyekubali kuzama ili asimkosee mama mkwe heshima, huyo adabu anayo. Akili watamfundisha wao." Shija akaanza kutetemeka mabega. "Anasema uje. Ila anaomba sana, uje umevaa."

Nilikwenda nimevaa suruali mbili, jua la saa saba, na sikusikia joto. Minza nikampata, na kuzamia nikakuacha hapo hapo. Maji yakizidi magoti nawaachia wenyewe. Ila kijana yeyote akija kuniuliza achague jaketi lipi, namwambia achukue linalombana, aukaze na huo mkanda, na wakwe awaache wakae nyumbani.