Mashua ya Nyangumi Kule Lubunga

Mama alikuwa ameshapoteza macho wakati tonton, mdogo wake, alipoanza kutengenezesha baleinière yake kule Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka Kisangani. Kila Jumapili baada ya misa nilimvusha mama mto kwa pirogi, tukatembea polepole hadi pale ile mashua ndefu ya mbao ilipolala juu ya magogo. Aliipapasa ubavuni kama mtu anayetuliza ng'ombe. Mafundi walikuwa wakishindilia nyuzi zilizolowa lami kati ya mbao na mbao, na harufu ile ilimlegeza uso.

Siku moja aliniuliza, "Jina baleinière inatoka wapi?"

"Kwa Wafaransa, mama. Baleine ni nyangumi, mnyama wa baharini. Wawindaji wake walimfukuza kwa mashua nyembamba kama hii, wakaiita kwa jina la windo lao. Wazungu wakaja nazo mtoni, na jina likabaki."

"Iko mukubwa kupita mbenga?"

"Mbenga si kitu, mama. Anaweza kuwa mrefu kama mashua hii. Na si samaki kama mbenga. Anapanda juu kupumua, na ananyonyesha mtoto wake."

Kiganja cha mama kilikuwa bado juu ya mbao.

"Ananyonyesha ndani ya maji," alisema, taratibu sana. Kisha akamgeukia tonton, aliyekuwa akisimamia mafundi. "Siku hii kitu itashuka, mimi pia niko ndani. Unipeleke kwetu Yanonge."

"Yaya, dada yangu, safari ya kwanza? Bon, tungoje kwanza tuone kama haivuji."

"Nimesema."

Mashua ikashuka mtoni asubuhi ya ukungu. Wanaume waliisukuma wakiimba, na mama hakuondoa mkono mpaka ubavu wote ulipomteleza vidoleni ukaingia mtoni. Tukampandisha, tukamlaza juu ya magunia.

Kutwa nzima mto ulitubeba. Visiwa vilitoka kwenye ukungu na kurudi humo, na sikujua kama mama amelala au anasikiliza maji yakipita chini ya mgongo wake. Ghafla akaketi. "Mihogo inachomwa. Tumefika kwetu." Mimi sikuona kitu isipokuwa miti.

Kweli ilikuwa Yanonge. Dada zake walishuka majini na nguo zao kumpokea, wakilia na kucheka. Tonton alipowasha mota kurudi Kisangani, mama alikataa kupanda.

Yupo huko mpaka leo. Nikimtembelea, wajukuu wa dada zake hunikimbilia wakiniuliza kama ni kweli kuna mnyama anayenyonyesha ndani ya maji.