Mkono Juu ya Boneti

Mume wangu aliitwa Sikio kabla sijamjua. Aliendesha malori ya saruji ya watu kwa miaka ishirini na sita, akajifunza kusikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Kila Jumapili madereva walileta malori yao uwanjani kwetu. Yeye alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha la chumba changu cha cherehani, akafumba macho, akainua kidole: pandisha, shusha, pandisha tena. Kisha alisema, "Silinda ya tatu," na fundi akifungua anakuta ni ya tatu kweli. Hakuwahi kudai hata sukari ya chai. Malipo yake yalikuwa kuitwa Sikio, na mimi nasema wazi kwamba alilipwa kupita kiasi.

Alipostaafu, kiinua mgongo chake chote na akiba yangu ya mishono viliingia kwenye lori moja lililotumika, kutoka yadi ya magari ya barabara kuu. Nilimwambia aende na fundi. Akaniuliza, "Fundi aje kusikia nini ambacho mimi sitasikia?"

Muuzaji wa yadi ile alikuwa kijana mwenye viatu vilivyochongoka na maneno ya asali. Alitupangia saa nane mchana. Asubuhi, alisema, yadi ina fujo. Tulipofika tu akapiga makofi.

"Kumbe ndiye Sikio mwenyewe! Jamani, leo tumetembelewa! Mzee, mimi sisemi kitu. Sikiliza mwenyewe, halafu uniambie."

Lori lilikuwa chini ya paa la mabati. Likawashwa, likanguruma taratibu. Mume wangu akafumba macho huku wafanyakazi wamemzunguka kimya kama wako msibani, nami nikaona anavyovimba kichwa. Nikaegemea boneti. Ilikuwa ya moto hata nikauondoa mkono, kisha nikaurudisha polepole. Nikajisemea ni jua. Tukapigwa picha hapo hapo, yeye ameshika ufunguo, mimi bado nimeegemea. Akatia saini karatasi iliyosema kwamba gari limeuzwa kama lilivyo.

Wiki ya tatu, likiwa limebeba madawati ya shule, lori lilianza kutapika moshi wa buluu mlimani, likagonga, likazimika. Fundi, yule yule ambaye tungemchukua tangu mwanzo, alilala chini yake akafungua oili. Ilitoka nzito kama uji uliopoa.

"Shemeji," aliniambia mimi, maana mume wangu alikuwa ametazama pembeni, "hapa mmepigwa. Injini hii imechoka siku nyingi. Wanatia oili nzito isigonge, halafu wanaiwasha asubuhi nzima kabla mnunuzi hajafika. Ikishapata moto inatulia. Ingewashwa baridi, hata kiziwi angeisikia."

Kiganja changu kikakumbuka. Jua gani, chini ya paa? Lakini nikanyamaza. Niliona afadhali nipigie kelele kosa la mwenzangu kuliko kutaja langu.

Na kelele nilipiga. Mume wangu alilifunika lori turubai, akawaambia madereva kwamba analiandaa kulipaka rangi. Siku tisa! Waliotupa kazi ya madawati wakatafuta mwingine. Tuliishi kwa cherehani yangu peke yake, na yeye anafagia uwanja uliokwisha kufagiliwa.

"Nenda yadi," namwambia.

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Nikienda nitasema nini, Mama? Kwamba sikusikia?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kudai injini ilikuwa ni kukiri mbele ya mji mzima kwamba Sikio alidanganywa kwa sikio lake mwenyewe. Alikuwa tayari lori lioze, jina libaki. Nilishikwa na hasira ambayo sijui kuieleza.

"Sikio la kufa halisikii dawa!" nikamrushia. Akachukua ufagio wake akatoka.

Nikaenda mwenyewe. Muuzaji aliniweka kwenye kiti cha plastiki tangu yadi inafunguliwa mpaka adhuhuri, akipita mbele yangu na kikombe chake kana kwamba mimi ni kabati. Aliponikumbuka alikuja na tabasamu lile lile.

"Mama yangu, wewe ni mtu wa cherehani. Mambo ya injini yana wenyewe."

"Wenyewe ndio nyinyi mnaozinywesha uji?"

"Oili mmetia huko huko kwenu. Tena mzee alisikiliza mbele ya mashahidi. Sikio lote lile! Kungekuwa na ubovu, si angesikia?"

Akanyoosha kidole kwenye ukuta wa nyuma ya kiti changu. Picha yetu ilikuwa imekuzwa ikawa kubwa kama mlango, na chini yake wameandika: SIKIO AMESIKILIZA, AMERIDHIKA. Damu ilinipanda mpaka kwenye mizizi ya nywele. Na chini ya picha hiyo hiyo, utingo wa zamani wa mume wangu, sasa mtu mzima mwenye watoto wanne, alikuwa ameinama anajaza fomu.

"Shikamoo mama! Na mimi Jumamosi nachukua langu. Nilikuwa na wasiwasi, lakini kama mzee amepitisha hapa, mimi ni nani?"

"Usinunue. Letu limekufa."

Akacheka, akidhani ni utani. "Mama naye! Mzee mwenyewe juzi kaniambia mnalipaka rangi."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, kwa hasira nikasahau nauli ninayo. Nilimkuta na ufagio wake. Nikamwambia, "Rangi yako hiyo inamnunulia utingo wako lori la uji." Nikamweleza picha, maandishi, fomu. Aliuliza tu, "Jumamosi saa ngapi?"

"Saa nane. Saa ngapi nyingine?"

Jumamosi alivaa shati lake la kazi, tukaenda pamoja. Muuzaji alipomwona akafungua mikono: "Karibu Sikio!" Mume wangu akampita kama mtu anayepita mlingoti. Alikwenda moja kwa moja kwenye lori la utingo, chini ya paa, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Njoo uguse."

Utingo akagusa, akaurudisha mkono haraka.

"Lori hili limetoka wapi leo?" mume wangu akamuuliza muuzaji.

"Halijatoka, mzee. Limelala hapa hapa."

"Limelala na homa?"

Wanunuzi wakacheka, wakasogea. Ndipo mume wangu akapaza sauti. "Jamani, mimi ndiye huyo wa pichani. Lori langu limekufa wiki ya tatu. Nilisema nalipaka rangi. Nilidanganya, niliona aibu. Walilichemsha kabla sijafika, na mimi wakanichemsha kwa sifa. Siku ile sikusikiliza injini. Nilisikiliza jina langu."

Watu wakaanza kugusa boneti moja baada ya nyingine. Mbili zaidi zilikuwa za moto. Utingo akachana fomu yake. Meneja akatoka kwenye chumba chake cha vioo, akirekebisha tai. "Mzee, tuingie ofisini tuyamalize kiutu uzima."

"Tuyamalize hapa hapa."

Nami nikaongeza ya kwangu, ambayo hayaandikiki. Meneja aliwatazama wateja wanavyotoka getini, akakubali kwa maandishi: injini nyingine, aichague fundi wetu, iwashwe baridi. Msidhani ni dhamiri. Ni lile geti.

"Na picha mshushe," mume wangu akasema.

Tuliibeba wenyewe mpaka nyumbani. Akaiegemeza ukutani, akaisogelea.

"Huu mkono juu ya boneti ni wako."

"Ni wangu."

"Ilikuwaje?"

"Ya moto. Nilidhani ni jua."

Akatazama paa la mabati pichani. "Na fundi aliposema?"

"Nilikumbuka."

Mtu ambaye hakuwahi kunipandishia sauti tangu anioe alifoka mpaka jirani akazima redio. "Siku tisa! Siku tisa unaniita sikio la kufa, na mkono wako unajua!" Nilistahili, na nilikasirika vilevile. Mpaka Alhamisi tulizungumza kuhusu chumvi tu.

Jumapili iliyofuata hakuja dereva hata mmoja. Ya pili pia. Alikaa kwenye kigoda chake mbele ya uwanja mtupu, nami dirishani niliwalaani wale wote waliokunywa chai yangu miaka nenda rudi. Ya tatu akaja utingo na lori alilotaka kununua kwingine. Mume wangu akamwamuru azime, akae. Wakakaa mpaka kivuli cha nyumba kikavuka uwanja wote. Utingo akanyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Bado," mume wangu akasema, akageukia dirisha langu. "Mama! Acha hiyo nguo. Njoo uweke mkono."

Nikachomeka sindano kwenye kitambaa, nikatoka.