Sufuria Ndogo ya Sabato

Akinyi alianguka kabla sijamaliza kukwangua ukoko. Kijiko chake kililia kwa simiti ya bwalo, wasichana wakapiga nduru, nikasimama nimkimbilie. Miguu ikakataa. Mate yakajaa mdomoni, macho yakaingia giza. Mtoto wa kidato cha tatu, jioni hakuiona. Mimi niko hapa naandika.

Wacha nirudi nyuma. Ninyi mnaopika shuleni na gesi, mjue sisi tulipikaje.

Siku ya kwanza nilitoka Awendo na sanduku moja, nikapanda kilima mpaka kwa hiyo shule ya bweni, iko peke yake huko juu Homa Bay. Mvua ikinyesha, hakuna gari inafika. Mpishi mkuu, Mama Peres, aliangalia mikono yangu akacheka, akaniita binti wa Awendo kwa Kijaluo. "Nyar Awendo, hii mikono ni ya kumenya miwa tu. Shika mwiko!" Mwiko wenyewe ulikuwa mrefu kama jembe. Alinifundisha kusonga ugali wa shule nzima bila madonge, na kuchemsha nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, yaive pamoja. Mimi niliachia darasa la tano, lakini kwa jiko lake nilikuwa mtu. Nitamshukuru mpaka nife.

Shule ilikuwa ya Wasabato. Ijumaa tulipika chakula cha kesho yake, tukazima moto kabla jua halijazama, tukafunga jiko. Ufunguo ulikuwa mmoja, na ulilala kwa mwalimu wa bweni, Mwalimu Odongo. Jumamosi watu wakitoka kanisani, yeye ndiye alitufungulia tupakue.

Akinyi alikuwa na vidonda vya tumbo, kwa hivyo nilimpikia wali laini kwa sufuria yake ndogo. "Mama, leo chumvi ya binadamu, si ya ng'ombe," alizoea kunitania. Akishapakuliwa, ukoko ulikuwa wangu. Walimu hawakujua. Nani huangalia mpishi anakula nini?

Sabato moja tumbo lilimshika, akabaki bwenini wakati wa ibada. Kwa dirisha akaona Mwalimu Odongo anapakia magunia ya maharagwe ya shule kwa pikapu. Kumbe ndiyo maana nyoyo ilikuwa mahindi tupu! Akamwambia Mwalimu Mkuu, kisha akaja jikoni amenuna. "Mama, ameniambia nisirudie hayo maneno."

Ijumaa iliyofuata nikapika wali wake, nikafunga, nikapeleka ufunguo. Kesho yake ndiyo tukaanguka.

Mama Peres alinitupa kwa wilbaro ya kuni, akanisukuma mpaka zahanati iliyo chini ya kilima. "Nyar Awendo, ukilala nakumwaga hapa!" Nilisikia akilia na akinitukana pamoja. Akinyi akabebwa na wasichana wenzake. Daktari akasema ni sumu, sisi wote wawili.

Mama Peres aliporudi shuleni akamkuta Mwalimu Mkuu amesimama jikoni. "Osha hiyo sufuria."

"Hii inaenda polisi, mwalimu."

Akaibeba kichwani mpaka kituoni, na sumu ikapatikana ndani. Mwalimu Mkuu naye akatangazia wazazi kwamba wasichana wenzake Akinyi walimtilia sumu kwa sahani, kwa wivu. Kwa sahani? Basi ukoko wangu ulitiwa na nani? Polisi waliniambia wanachunguza. Mpaka leo wanachunguza.

Nilistaafu mapema kwa sababu mikono inatetemeka, hata chai inamwagika. Lakini nashukuru Mungu. Wale wasichana sasa ni akina mama, wakiniona soko la Oyugis wananiita kwa sauti, mmoja hakubali niondoke bila nyanya. Mama Peres tulimzika vizuri, na ule mwiko uko kwangu.

Mwalimu Mkuu, Akinyi alikuambia wewe. Wewe ulimwambia nani? Na wewe Odongo, nasikia siku hizi ni mkubwa wa shule huko Migori, una funguo za jiko lingine. Mama yake Akinyi bado yuko hai. Njoo usimame mbele yake umwambie: ile Ijumaa, ufunguo ukiwa kwako, nani aliingia jikoni?