Benki Tatu na Mdomo wa Baba Minza

Mume wangu Mayige ana ng'ombe wengi, lakini ukimuuliza atakuambia ana vijindama viwili, tena vinakohoa. Sisi Wasukuma wa Nkoma ndivyo tulivyo, mtu usiyemjua humtajii mali yako. Ng'ombe wengine wako kwa rafiki, wengine kwa mjomba, na mwenyewe unavaa shati lililochanika kola. Mimi nimeshazoea. Ila mwaka huu, jamani, tabia hiyo imenikosesha ada ya binti yangu.

Kiwanda cha kuchambua pamba kule Bariadi kilitaka mkopo wa kununulia pamba ya msimu. Ulikuwa mkubwa mno kwa benki moja, zikaungana tatu. Meneja wa kiwanda, Method, akatuahidi kwamba riba ikiwa nafuu atatulipa nyongeza juu ya bei ya serikali. Nyongeza hiyo nilishaipangia: Minza aende chuo cha uuguzi.

Benki zikamtuma dada mmoja, Nancy, aje aone wakulima. Akafikia kwetu, maana Mayige ndiye mwenyekiti wa chama cha wakulima. Tukamkaribisha kiti uani.

"Mwadila, mzee," Nancy akamsalimia kwa Kisukuma. " Mnategemea pamba nyingi?"

Ndani pamba ilikuwa imejaa chumba kizima mpaka dirishani! Mume wangu akakuna kichwa. "Aa, mwanangu, wadudu wametumaliza. Tutapata ya kubahatisha tu." Nikamkanyaga mguu. Wapi! Akaendelea mpaka na mashamba ya majirani akayakausha kwa jua.

Msimu wa kununua pamba ulipokaribia, Method akatuita ofisini. Mkopo umetoka, lakini riba imepanda.

"Imepandaje?" Mayige akauliza.

"Mzee, kwanza nchi zetu hizi wenye benki wanaziogopa, wanaongeza kidogo. Bei ya pamba huko nje inayumba, wanaongeza. Halafu dhamana ya mkopo ni hiyo pamba yenyewe, na mwenyekiti kasema pamba hakuna. Wakaongeza tena. Nyongeza yenu imeishia kwenye riba."

"Yaani asiye nacho ndiye anayetozwa zaidi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona kwetu mtu akifiwa na ng'ombe tunampunguzia deni?"

Method akasema benki hazifanyi hivyo. Mayige akanitazama mimi, kana kwamba ninajua. Ninajua nini mimi? Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanawaka.

Akaitisha mkutano wa wakulima. Akasimama. "Nyongeza haipo. Mimi ndiye niliyemwambia yule dada hatuna pamba."

Nikasema moyoni, leo wanamng'oa. Mzee Kasmiri akainuka. "Sasa ulitaka umwambie nini? Mgeni kabisa yule!"

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Mayige akanigeukia, macho yamemtoka.

"Mama Minza, haya makofi ni ya nini?"

Nikageuka. Minza alikuwa nyuma yangu, na yeye hakupiga makofi.